REA ya kwetu na REA ya huku

Jumamosi tulikuwa kwenye nyama choma kwa jamaa mmoja Des Moines, jimbo la Iowa hapa Marekani, Watanzania, Wakenya na Wakongo wawili watatu, maongezi yakafika kwenye hela ya serikali kuu ya Washington inayoenda vijijini. Kaka mmoja akasema kwa kujiamini kabisa, hao wa mashambani wanabebwa tu, wakatafute maisha mjini kama sisi. Nilimjibu kidogo pale, ila hayo maneno yamenikaa kooni siku tatu sasa, acha niyatoe.

Mi naishi hukohuko mashambani. Mji wetu una watu elfu mbili na kidogo, maghala ya mahindi, kanisa tatu, na nyumba ya kulea wazee ninayofanya kazi mwaka wa sita huu. Kuna bibi mmoja pale ana miaka 94, nikiwa zamu ya usiku na yeye usingizi hauji huwa tunapiga stori. Kanisimulia siku umeme ulipowashwa kwao, yeye mtoto mdogo, maji wanapampu kwa mkono kisimani, mama yake ana pasi mbili za chuma anazipasha juu ya jiko la kuni, hii ikipoa anashika ile. Jioni hiyo baba akavuta kamba ya taa jikoni, nyumba nzima ikawa nyeupe, wote wakanyamaza, mama akaangalia ukuta wake, akaenda kuchukua kitambaa na maji ya sabuni akaanza kusugua. Miaka yote alikuwa hajawahi kuyaona masizi ya taa ya mafuta vizuri.

Nikamwambia bibi, hiyo mbona naijua, mama yangu kule Tanzania aliposhushiwa umeme wa REA, wakala wa serikali wa nishati vijijini, alifanya hivyohivyo, alipaka chokaa wiki ileile. Bibi akageuka akaniuliza, REA? Na kwenu mlikuwa na REA?

Kumbe na wao walikuwa nayo! Rais Franklin Roosevelt ndo aliianzisha mwaka 1935, Rural Electrification Administration, sheria yake ikapitishwa 1936. Wakati huo kama mashamba 9 kati ya 10 Marekani hayakuwa na umeme, huku mijini taa ni kitu cha kawaida kabisa. Makampuni yalishapiga hesabu yao, unavuta waya maili nzima unakuta nyumba mbili tatu, hailipi. Na ukweli hailipi kama unataka faida yako mapema. Sasa serikali haikuwagawia wakulima umeme, iliwakopesha, wakulima wakaunda vyama vya ushirika, kiingilio mara nyingi dola 5, ushirika unakopa, unasimamisha nguzo, unalipa taratibu. Mwaka 1944 masharti yakawa riba asilimia 2 na miaka 35 ya kulipa. Niambie benki gani ingekaa kumsubiri mkulima wa mahindi miaka 35? Kufika katikati ya miaka ya 1950 karibu mashamba yote yalishapata umeme, na vile vyama vingi vipo mpaka leo, hata bili yangu ya umeme mi nalipa kwa ushirika.

Ndo maana lile neno kubebwa liliniuma. Kwetu sheria ya nishati vijijini ilipita 2005, REA ikaanza kazi 2007, mama yangu kaunganishiwa kwa shilingi 27,000, hela ambayo hata nguzo moja hainunui. Hakuna aliyemwambia mama anabebwa, wote tulishangilia, wengine hapo kwenye nyama choma wana wazazi waliounganishiwa hivyohivyo.

Na mambo hayakuishia kwenye taa. Miaka minne iliyopita niliomba intaneti nyumbani, kampuni moja ikaniambia nyumba yangu iko mbali na laini yao, nikitaka nilipie mimi kuvuta, wakataja bei ambayo ningenunulia gari. Mwanangu alikuwa anafanyia homwoki kwenye paking ya maktaba, ndani ya gari, baridi ya Januari, mi niko usukumani nimevaa koti na blanketi juu. Walioniletea faiba ni ushirika uleule wa umeme, kwa mkopo wa serikali ya shirikisho, wakapitisha kwenye nguzo zilezile. Hesabu ile ya mwaka 1935, jibu lilelile.

Hospitali yetu pia. Mwaka 1997 Bunge la huku liliweka utaratibu wa hospitali ndogo za vijijini, siku hizi vitanda visizidi 25, Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, inazilipa kwa kufuata gharama zao halisi kwa sababu wagonjwa ni wachache na huduma ya dharura lazima iwepo saa 24 hata asipokuja mtu. Bibi yangu huyo alipodondoka mwaka jana tulimfikisha ndani ya dakika saba. Hospitali kubwa ni zaidi ya saa moja, na ilikuwa inaanguka theluji.

Ninacholalamikia mimi ni makaratasi. Sasa hivi mabomba ya maji ya mji wetu yamechoka, yanapasuka kila masika, na wizara ya kilimo, USDA, ina mkopo wa maji kwa miji isiyozidi watu 10,000, unalipa hadi miaka 40, wakati mwingine na ruzuku juu. Hela ipo, lakini kuiomba kunataka ripoti ya mhandisi, ya mazingira, hesabu za miaka kadhaa, na ofisi ya mji ina karani mmoja ambaye ndiye anayepokea bili za maji na ndiye anayejibu simu. Mji wenye uwezo unaajiri mtu wa kuandika maombi, ule wenye shida zaidi hauna, unakosa. Hapo ndo ningetaka Washington waparekebishe kwanza, watume watu wakae na yule karani wajaze naye zile fomu.

Jumanne ijayo saa moja jioni kuna mkutano wa baraza la mji kuhusu huo mkopo, kila mkazi anaruhusiwa kusema. Zamu nimeshabadilishana na mwenzangu, na bibi kaniambia niwasimulie ile ya masizi.