Nilivyonunua pikapu Texas msimu wa matangazo ya Desemba

Nilipoanza kutafuta pikapu mpya, kwanza niliweka chapa pembeni. Hapa Texas si jambo dogo. Watu wa Ford na watu wa Chevrolet ni Simba na Yanga, na ushabiki hurithiwa nyumbani. Ford hukumbusha kila mwaka kwamba F-Series inaongoza mauzo ya pikapu Marekani tangu 1977. Toyota nao hukwambia pikapu yao ya Tundra inaundwa San Antonio, hapa hapa Texas. Yote kweli, lakini hakuna linalosema gari litabeba nini. Kichekesho zaidi ni mabishano ya Chevrolet Silverado na GMC Sierra: zote za General Motors, fremu na injini zilezile, tofauti kubwa ni sura, vikorombwezo na bei.

Mzigo nilianza kuupima kwenye kibandiko cha manjano na cheupe kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kinataja uzito wa juu wa watu na mizigo kwa gari lile lile, si kwa modeli. Tangazo linaweza kusema pikapu inavuta pauni 11,000, lakini namba hiyo ni ya muundo mmoja wenye injini fulani, uwiano fulani wa gia za ekseli na kabini fulani. Chukua kibandiko kinachosema pauni 1,500. Trela ya pauni 8,000 hulalia ndoano ya gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Kwa asilimia 13 ni pauni 1,040. Zimebaki 460. Weka watu wazima wawili wa pauni 200 kila mmoja, umebakiwa na 60, na kifaa cha kusawazisha uzito wa trela peke yake kinaweza kuzimaliza. Ukizidisha, nyuma hulala, mbele huwa nyepesi, usukani unalegea na breki zinachoka. Gari lenye viti vya ngozi na paa la kioo mara nyingi hubeba pungufu kuliko lile la kawaida la modeli hiyo hiyo, kwa sababu mapambo nayo yana uzito.

Vibandiko vya bei nilivisoma Jumapili. Sheria ya Texas hairuhusu muuza magari kufungua Jumamosi na Jumapili mfululizo, na karibu wote hufunga Jumapili. Unazunguka yadi kwa utulivu, hakuna wa kukuuliza unataka kulipa ngapi kwa mwezi. Milango imefungwa, ndiyo, kwa hiyo cha mlangoni hukioni. Cha bei kwenye dirisha kinasomeka. Niliandika namba za chasisi, kesho yake nikaomba kwa barua pepe picha za vibandiko vya milangoni.

Sasa matangazo. Lexus ndio walioufanya utepe mwekundu juu ya paa uwe maarufu, siku hizi kila yadi inao. Mimi huanzia kwenye herufi ndogo za chini. Riba ya asilimia 0 ni ya wenye rekodi nzuri sana ya mikopo, na kwa kawaida ukiichukua unaachia punguzo la fedha taslimu la kiwanda. Lipi bora? Inategemea muda. Gari la dola 40,000, punguzo 4,000, mkopo wa kawaida wa asilimia 6: ukilipa kwa miezi 36, punguzo linakugharimu jumla kama dola 39,430, yaani linashinda. Ukivuta hadi miezi 60, inafika karibu 41,760, na riba ya sifuri inashinda. Muuzaji akitaja malipo ya mwezi bila kutaja idadi ya miezi, mrudishe kwenye jumla.

Mapenzi ya chapa yanaingia hapa. Viwanda huwa na bonasi ya mteja anayerudi na bonasi ya kumvuta mteja wa mshindani. Ya pili mara nyingi haitangazwi kwa sauti, lazima uiulize. Huhitaji kadi ya gari la chapa nyingine lenye jina lako, na mara nyingi hulazimiki kuwapa hilo gari. Niliomba bei pande zote mbili na kila upande ulijua nina pa kwenda. Mwaminifu anayesema mlangoni kwamba hajawahi kuendesha chapa nyingine amemaliza mazungumzo kabla hayajaanza. Uaminifu ninaoukubali ni wa vitu nilivyo navyo tayari: kifuniko cha bodi, sanduku la vifaa na raki zinazoingia kwenye modeli moja tu. Hivyo nilivipigia hesabu kwa dola.

Niliomba yadi kadhaa bei ya kutoka getini kwa maandishi: gari, ada ya nyaraka, usafirishaji kutoka kiwandani, usajili na kodi. Texas hutoza asilimia 6.25, na thamani ya gari la zamani unalowapa kama sehemu ya malipo hutolewa kabla ya kodi. Ofa za Desemba mara nyingi huvuka mwaka hadi siku za mwanzo za Januari, hivyo "leo tu" haikunisukuma. Kwenye mkataba nilifuta nyongeza za yadi: naitrojeni ya tairi, dawa ya kulinda rangi na kuchorwa namba kwenye vioo, kisha nikalinganisha namba ya chasisi na ile ya kwenye kioo cha mbele kabla ya kusaini.