Kuku 500 na hafi hata mmoja

Nafundisha ujasiriamali na ubunifu chuo mwaka wa sita sasa, na kila semista nikisema tu leteni andiko la biashara, najua nusu ya darasa wanakuja na kuku. Vifaranga 500, wote wanakua, wote wanauzwa, Excel imenyooka mpaka raha. Juzi nikamuuliza kijana mmoja, kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku, kikiingia bandani je? Akanitazama kama nimemtukana. Kifaranga hajawahi hata kumshika huyo, andiko kapewa na bro wa mwaka jana, kabadilisha jina juu.

Ila na sisi tuna makosa, mtihani wenyewe wa mwisho wa semista, UE, unasema taja sifa tano za mjasiriamali, sasa mtu atatoka na nini zaidi ya hizo tano?

Mwaka huu nikachoka. Nikawapa kila grupu elfu 5 ya mfukoni kwangu (mume wangu alichosema tuyaache), Ijumaa mpaka Jumatatu mkaizalishe, andiko sitaki. Wengi wakakimbilia mayai ya kuchemsha na kachumbari, wakaishia kuyala wenyewe maana boom, hela yao ya mkopo ya kujikimu, lilikuwa bado halijaingia. Grupu moja la mabinti wakaenda kukaa tu nje ya steshenari usiku wa dedlaini ya asainimenti, wakaona watu hawalalamikii bei, wanalalamikia foleni. Basi wakapita hosteli na flashi, hela wanachukua kabisa, wakaelewana na jamaa wa steshenari, kazi wanampelekea kwa mkupuo afu wanawarudishia watu mlangoni kwa kuongeza mia tano kila kazi. Jumatatu wana elfu 19 juu, na noti yangu wamenirudishia ileile, hata mkunjo wake naujua.

Hapo ndo nikawapa habari ya M-Pesa, kwamba majaribio yake Kenya mwaka 2005 yalikuwa ya watu kurejesha kwa simu mikopo ya Faulu, taasisi ya mikopo midogo, kumbe watu wakawa wanaitumia kutumiana hela kwa shida zao wenyewe, na wenye mradi badala ya kuwakatalia wakawafuata hukohuko, ilivyozinduliwa Machi 2007 ikaja kama huduma ya kutuma pesa nyumbani. Darasa kimya kabisa, nikasema leo imeingia.

Mkono ukanyooshwa kule nyuma. "Madam, hii itatoka kwenye UE?"

Nikamjibu haitoki. Madaftari yakaanza kufungwa.