Vimulimuli vya Likoni

"Mama, mbona kwenye feri wafumba macho?"

Kijana wangu aliniuliza juzi, tuko katikati ya maji, tumebanana na matenga ya samaki. Nikamwambia ni jua. Saa mbili usiku! Akanitazama tu.

Yeye ndiye sababu. Mimba yake ilikuwa ya wiki 34, kichwa chanigonga tangu alfajiri, miguu imefura hata ndara haziingii. Mavyaa, mamake mume wangu, akaamua ni pepo wa bahari. Nikanyweshwa kombe, maji yaliyooshewa aya za Kurani, nikalala. Magharibi nikaamka natapika, ndipo tukatoka.

Feri iling'oa, nami nikaziona: nukta nyeupe zachezacheza juu ya maji, makundi kwa makundi, kama vimulimuli. Nikadhani ni taa za bandarini. Nikageuza uso upande wa bahari kuu, zikageuka nami. Nikafumba macho. Zilikuwa mle mle, ndani ya kope. Hapo ndipo nilipoogopa. Mavyaa alinikumbatia kichwa, leso yake yanukia udi, asoma Ayatul Kursi sikioni mwangu, na mimi nazihesabu zile taa, nikiamini nikizimaliza zitazimika.

Kufika, presha 180 kwa 120. Nikapewa dawa ya kuishusha, kisha magnesiamu ya kuzuia kifafa cha mimba, ikanipita mwilini kama moto. Wakawa wanigonga magoti kwa kinyundo, kuona kama mguu bado waruka. Usiku ule ule nikapasuliwa.

Nikadhani nimeshazaa, yamekwisha. Daktari, bi mmoja mpole, akanikatalia kwenda nyumbani: kifafa chaweza kuja hata baada ya kuzaa. Akanieleza kwamba mishipa ya ubongo hujibana na kujiachia ili damu ipite kwa kiasi kile kile, presha ipande ishuke. Yangu huenda ilizidiwa, maji yakavuja, na mara nyingi huvuja upande wa nyuma, penye sehemu ya ubongo inayosoma tunachokiona.

"Macho yako mazima," akasema. "Kisogo ndicho kilichokuwa kikiona taa."

Mavyaa mpaka leo asema ni kombe lililoniponya. Simbishii. Kombe lilitukalisha nyumbani mchana kutwa, lakini mikono iliyonishika kwenye feri ilikuwa yake.

Jana tukavuka tena. Nikajaribu kuyaacha wazi. Nilifika nusu ya safari.