Mara ya Pili Nilivua Filta

Kila nikisikia mtu akiambiwa "jua likipatwa, usitoe filta, kile kizuizi cha mwanga wa jua, kwenye kamera hata kidogo", roho inaniuma. Ushauri huo ulinikosesha picha za kupatwa kwa jua kule Pakwach, Uganda.

Novemba 3, 2013 nilipanda basi kutoka Kampala hadi pale kando ya Nile kuona jua likipatwa lote. Giza lilishuka baada ya saa 11 jioni, likakaa kama sekunde 20 tu. Watu wakapiga vigelegele, mimi nimeinamia kamera nabonyeza. Picha zote nyeusi tititi! Filta ile imeundwa kuzuia jua lenyewe. Korona, taji la nuru linalolizunguka, mwanga wake ni kama wa mwezi mpevu, hafifu kuliko jua karibu mara milioni. Unapenyaje hapo? Nilipoinua macho, jua lilikuwa limeshaanza kutoka.

Aprili 8, 2024 nilikuwa Indianapolis, Marekani, kwa dada yangu, binti wa mama mkubwa. Filta ya kuzungusha niliikataa: ukiwa na haraka inakwama, na ukiifungua inasogeza fokasi, yaani mpangilio wa lenzi unaoifanya picha iwe kali. Nilinunua karatasi maalumu ya filta, dola 30 na ushee, nikaibana kati ya pete mbili za boksi la viatu, nikazitia ukingo, ikavaa kwenye lenzi kama kofia kichwani, isipwaye wala isibane. Usiku nilifanya mazoezi ya kuivua kwa kidole kimoja mpaka lenzi haikutikisika tena. Fokasi niliipima kwenye ukingo wa jua, nikaifunga kwa selotepu.

Saa 9:06 alasiri nuru ya mwisho ilimetameta ukingoni kama kito cha pete. Mpwa wangu akapaza sauti: "Mjomba, vua!" Nikavua. Kamera niliipanga ipige mfululizo, kuanzia 1/1000 ya sekunde hadi nusu sekunde, kwa kuwa hakuna picha moja inayobeba korona yote. Za haraka zilinasa ulimi mwekundu kama wa moto kwenye ukingo wa chini wa jua. Za polepole zikatoa miali myeupe iliyochomoza pande zote. Mimi mkononi nina waya wa kubonyezea tu, macho juu, bila miwani maalumu ya kutazamia jua, maana katika giza lile kamili, na hapo tu, inaruhusiwa. Sayari ya Zuhura chini kulia, ya Mshtarii juu kushoto. Zaidi ya dakika tatu na nusu! Dada alinishika mkono, hakusema neno.

Kito kiliporudi, miwani usoni, kofia kwenye lenzi.

Agosti 2, 2027 ni zamu ya Luxor, Misri, zaidi ya dakika sita. Kofia yangu ya boksi iko sandukuni, nimeifunga kwenye kanga ya dada isikunjike.