Neno "peril" lilivyonikesha

Ami yangu huagiza mchele kwa meli. Mwaka jana alinijia na mkataba wa bima ya shehena, kidole kimekaa juu ya mstari mmoja: *perils of the seas*.

"Mwanangu, hapa pananiambia nini?"

Nikajibu papo hapo: "Hatari za bahari, Ami."

"Bahari yote hatari. Upepo hatari, mawimbi hatari. Wanalipa vyote?"

Nilinyamaza. Kutafsiri ndiyo kazi yangu ya kila siku, na neno moja lilikuwa limenishinda. Nikamwomba anipe usiku mmoja.

*Peril* ni neno la kizamani. Mwingereza wa leo akiongea husema *danger*. *Peril* amewaachia zaidi vitabu, mahakama na watu wa bima. Liliingia Kiingereza yapata mwaka 1200 kutoka Kifaransa cha kale, nacho kililirithi kutoka Kilatini: *periculum*. Hapo ndipo nilipoamka usingizini. Maana ya asili ya *periculum* ni jaribio, kulitenda jambo ambalo mwisho wake hujaujua. Maana ya hatari ilizaliwa humo.

Mbona hilo tunalo! Mtihani, neno tulilopewa na Kiarabu, ni kupimwa. Lakini mtu akifiwa na kuachishwa kazi mwezi mmoja, tunasema amepata mtihani. Lugha mbili zisizojuana, njia moja. Na ukoo wa *periculum* ni mpana: *experience* na *expert* wamo, yaani uzoefu, na mtu aliyekwisha jaribu akajua. Hata *pirate*, haramia, anatokana na kitenzi cha Kigiriki cha kujaribu. Nililifurahia hili kuliko yote.

Ila Ami hakuuliza ukoo, aliuliza malipo. Mkataba ulisema unafuata sheria na desturi za Uingereza, basi nikafungua sheria yao ya bima ya bahari ya 1906. Jedwali la Kwanza, kanuni ya 7, linasema wazi: maneno yale yanahusu ajali za bahari zinazotokea kwa nasibu tu, mwendo wa kawaida wa upepo na mawimbi haumo. Mtihani ukakaa mahali pake. Bahari ikifanya kazi yake ya kila siku, haijakutahini.

Kwenye karatasi niliandika "ajali za bahari zisizotarajiwa", maana hati ya kisheria haitaki mafumbo. Asubuhi, kwa mdomo, nikamwambia: "Ami, ni mitihani ya baharini. Dhoruba ikiitupa meli mwambani, ni mtihani."

"Na magunia yakisuguana yakachanika kwa mrama wa kawaida?"

"Huo si mtihani. Hiyo ndiyo safari."

Akatikisa kichwa taratibu. Kalamu alikuwa ameishika. Akairudisha mfukoni, akavuta kiti.

"Haya, nisomee mstari unaofuata."