Puli Yenye Kitambi

Jana dogo wa jirani, yule anayekuja kuazima koleo na kurudisha maswali, aliinamia mashine yangu ya mkanda wa msasa, akatazama puli, gurudumu linaloukimbiza mkanda, akauliza, "Fundi, mbona hii puli ina kitambi?" Nikamwambia aisogelee polepole, iko kwenye umeme. Nilipolala ndipo nikamkumbuka mzee wa kerezo, ile mashine ya kuchongea vyuma vya duara.

Ilikuwa wakati wa zile fremu za guta, ile ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, tukiwa bado Keko, Dar es Salaam. Anayechomelea mabomba ya duara anaijua adha yake. Bomba likikutana na bomba, ncha ya moja sharti ichimbwe ikumbatie mgongo wa jingine. Sisi tulichimba kwa grinda ya mkono, tukamalizia kwa tupa ya nusu duara, na penye upenyo tukajaza kwa vijiti vya kuchomelea. Kiungo cha namna hiyo hupendeza siku ya kwanza. Guta likishaanza kubeba saruji, ufa unaanzia papo hapo.

Basi nikaunda mashine ya mkanda wa msasa. Mota ya pampu ya maji iliyokufa, mizunguko 2,800 kwa dakika, puli ya milimita 100, springi ya kukaza, na mbele rola ndogo yenye beringi. Kwa hesabu hiyo mkanda unakimbia karibu mita 15 kwa sekunde. Nilipowasha, ukateleza kushoto, ukachomoka, ukalipiga bati la ukuta kwa kishindo. Nikaurudisha, ukachomoka tena.

Banda zima likageuka wahandisi. Huyu anasema niweke kuta pembeni mwa puli, yule anataka nichimbe mfereji katikati ili mkanda ukae humo. Mzee wa kerezo akavuka barabara na kikombe chake cha chai, akatazama, hakusema neno. Akaomba utepe mweusi wa fundi umeme na wembe. Akaupasua utepe kwa urefu, kile chembamba akakizungushia katikati ya puli, akikivuta kisikunjamane, kisha juu yake akazungusha utepe mzima, akiusawazisha kwa kucha ya kidole gumba. Puli ikafura katikati, kidogo tu, usingeona kama hukupitisha kidole.

"Washa, mwanangu."

Mkanda ukaanza kwenda kushoto kama kawaida yake. Sote tukarudi nyuma. Ukasita. Ukarudi katikati, ukatulia hapo ukivuma. Mzee akaokota kipande cha mbao, akausukuma pembeni, ukarudi. Akausukuma upande wa pili, ukarudi.

"Mkanda haushuki," akasema. "Mkanda unapanda."

Akachukua chai yake akaondoka. Siku za baadaye nilielewa kiasi: upande ulio juu ya sehemu nene unavutwa zaidi, mkanda unapinda, na kila puli inapozunguka unaingia juu kidogo. Lakini nikijaribu kumweleza mtu mwingine naishia kuchezesha mikono hewani, na jana sikujaribu hata hiyo.

Utepe haukuhimili joto, kwa hiyo mzee akanikerezea puli yenyewe, katikati ikizidi kingo kwa kama milimita moja. Rola nayo akaikereza hadi milimita 40, maana mabomba yetu yalikuwa ya 42 na unene wa msasa nao unahesabiwa. Hapo kazi ikaenda mbio. Unaisukuma ncha ya bomba kwenye rola, cheche zinashuka, unaitoa imechimbika. Ukiipachika kwenye mgongo wa bomba jingine na kuielekeza kwenye jua, mwanga haupenyi.

Guta zile zilikwenda zake mjini. Kama kuna lililokatika halikuletwa kwangu, jambo ambalo halithibitishi kitu. Mwenye oda alipokuja kuzichukua nilimvuta nimwonyeshe viungo. Akainama, akatazama kwa adabu, akapapasa fremu, akaniambia, "Fundi, hii rangi umeipatia."