Niliposoma orodha ya kozi za Japani kwa mara ya pili

Kwetu ni Dodoma. Nimekua nikiona vijaruba vilivyomwagiliwa miaka kadhaa vikianza kutoa unga mweupe juu ya udongo, na mwaka unaofuata mpunga unaota vipande vipande. Nilipomaliza shahada ya kwanza ya umwagiliaji pale SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, Morogoro, nilijua ninachotaka kukisomea: chumvi ya udongo. Japani ilikuja baadaye, kupitia tangazo la ufadhili wa MEXT, wizara ya elimu ya Japani, ambao ubalozi wao Dar es Salaam huupokelea maombi kila mwaka.

Nilianza kama wengi wanavyoanza. Nilitafuta kozi zinazofundishwa kwa Kiingereza, nikazipata tele. Mwaka 2009 serikali ya Japani ilichagua vyuo vikuu 13, vikiwemo Tokyo, Kyoto, Tohoku na Kyushu, ili vifungue programu ambazo mtu anamaliza shahada bila kutegemea Kijapani. Kuna chuo kikuu cha APU kule Beppu, ambako karibu nusu ya wanafunzi wanatoka nje. Kuna chuo cha kimataifa cha Akita, ambacho hufundisha masomo yake kwa Kiingereza. Nikaandika majina kwenye daftari, nikalala na furaha.

Aliyenishtua ni kaka mmoja aliyenitangulia kusoma huko. Aliniambia, "Mdogo wangu, usisome jina la programu. Fungua kozi mojamoja uone lugha ya kufundishia."

Nikafungua. Vyuo vya Japani huweka mtandaoni muhtasari wa kila kozi, wenyewe wanauita shirabasu: mada za wiki kwa wiki, vitabu, namna ya kupima, na mstari mmoja wa lugha. Uzamili kwa kawaida ni krediti 30. Kozi ya kawaida ina krediti 2, yaani kipindi kimoja cha dakika 90 kila wiki kwa wiki 15 hivi. Sehemu kubwa ya zile 30 inaliwa na semina na utafiti wa tasnifu. Nikapiga hesabu ya kozi zinazobaki katika chuo nilichokipenda kuliko vyote. Za Kiingereza zilizogusa udongo zilikuwa tatu, na mbili kati ya hizo hufundishwa mwaka mmoja na kurukwa mwaka unaofuata. Waliposema unaweza kumaliza kwa Kiingereza hawakudanganya, tasnifu ingepokelewa. Lakini ningekaa miaka miwili nikijaza krediti kwa masomo yasiyonihusu. Iliniuma, kwa sababu nilishaanza kuwaambia watu nyumbani jina la chuo hicho.

Basi nikageuza utafutaji. Badala ya kuanza na chuo, nikaanza na mtu: nani Japani anachunguza chumvi kwenye mashamba ya umwagiliaji? Makala nyingi zilinirudisha Tottori, kwenye Kituo cha Utafiti wa Maeneo Kame cha chuo kikuu cha huko, kando ya vilima vya mchanga vinavyotazama Bahari ya Japani. Ni mji wa mvua nyingi, na wakati wa baridi theluji inaanguka juu ya mchanga ule. Ukame wanautengeneza ndani, kwenye nyumba za vioo.

Barua yangu ya kwanza kwa profesa ilikuwa ndefu, na imejaa sifa za Japani. Haikujibiwa. Ya pili ilikuwa na aya tatu: tatizo la shamba moja ninalolijua, makala yake niliyoisoma na swali lililonibakia, na ombi la kuwa mwanafunzi wake. Alijibu baada ya siku nne. Nilipopita mchujo wa ubalozi, yaani mtihani wa kuandika na usaili, ndipo akanipa barua ya kunikubali. Barua hiyo ndiyo kila kitu. Huko mwanafunzi wa uzamili anapokelewa na mwalimu na maabara yake, na kozi utakazochukua mnazipanga pamoja naye.

Miezi sita ya mwanzo nilikuwa kenkyusei, mwanafunzi wa utafiti asiye na shahada anayoisomea bado. Hapo nilijifunza Kijapani na kujiandaa kwa mtihani wa kuingia uzamili. Maana ufadhili haukuondolei mtihani huo, ingawa unakulipia ada, ambayo kiwango chake cha kawaida katika vyuo vya taifa ni yeni 535,800 kwa mwaka, na unakupa posho ya kuishi.

Kozi moja niliichukua kwa Kijapani kwa hiari yangu. Ilikuwa juu ya mwendo wa maji ndani ya udongo, na hakuna ya Kiingereza iliyolingana nayo. Sensei, yaani mwalimu, aliniruhusu kuandika majibu kwa Kiingereza. Chuo kilinipa chuta, mwanafunzi Mjapani anayelipwa kumsaidia mgeni, na kila Jumatano tulikaa maktaba tukipitia picha za ubaoni nilizopiga kwa simu. Milinganyo niliielewa bila lugha. Maneno ndiyo yaliyonichelewesha, nikawa nayaandika kwenye vikadi: udongo, maji, chumvi, mizizi. Kufikia wiki ya nane nilianza kufuata sentensi kabla chuta hajanifafanulia.

Wadogo zangu wanaotaka shahada ya kwanza, njia yenu ni nyingine. Programu za Kiingereza zipo ila fani ni chache. Ukitaka fani zote, utahitaji Kijapani cha kweli na mara nyingi EJU, mtihani wa wageni wanaoomba vyuo vya Japani, unaofanyika Juni na Novemba. Tengeni mwaka mzima wa lugha.

Muhula ulipoisha, sensei aliniomba niwaonyeshe wenzangu picha za shamba la nyumbani na kisima chake. Nilitumia Kijapani kwa dakika kumi, nikisoma kwenye vikadi. Swali la kwanza lilitoka kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili: maji ya kisima kile yana chumvi kiasi gani? Sikuwa na jibu. Usiku ule nikampigia baba, nikamwomba ajaze chupa mbili.